Wimbo Niliomchagulia DJ

Mwanangu alipochumbiwa, watu waliniuliza habari za mahari, za ukumbi na za rangi ya sare. Mimi moyoni nilikuwa na swali moja tu: muziki atapiga nani? Anayezijua shughuli za Bagamoyo atanielewa. Pilau ikiungua watu watasema wiki moja, kisha watanyamaza. Muziki ukiharibika utakumbushwa hata msibani.

Kamati yangu ilikuwa ya watu watatu, kwa sababu sipendi watu wengi ndani ya mambo yangu. Tulikuwa mimi, dada yangu mkubwa ambaye ndiye aliyenilea, na mwanangu mwenyewe. Tulikutana barazani kwangu kila Jumapili baada ya alasiri, kahawa na kashata katikati, simu imeegemezwa kwenye birika, tunawasikiliza ma-DJ mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa wa Dar. Alitutumia video akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Dada akasema, "Huyu wageni tu hawaoni, bibi harusi akiingia atamjuaje?" Tukamtoa. Wa pili alikuwa kijana wa hapahapa mjini, fundi kweli, ila yeye singeli tu. Ukimwomba taarabu anakuwekea singeli iliyoimbwa na mwanamke. Wa tatu alikuwa mzuri, sina la kusema juu ya kazi yake, lakini alishawahi kupiga harusi kwa jirani yangu mmoja ambaye hatusemezani, basi hilo likamtosha. Mimi ndivyo nilivyo, na nilipofika umri huu sibadiliki.

Jumapili ya tatu mwanangu akaweka kikombe chini, akasema, "Mama, na baba je?"

Baba yake ni DJ. Alikuwa DJ kabla hajawa mume wangu na anaendelea kuwa DJ baada ya kuacha kuwa mume wangu. Tulipooana, chumba chetu kilikuwa na kitanda, kabati na spika mbili zilizonifika kifuani. Mtoto tulimlaza kati ya spika na ukuta. Baba yake alikuwa akiondoka Ijumaa kwenda kupiga shughuli za barabarani huko, Kerege, Mapinga, na kurudi Jumapili. Baadaye akawa anarudi Jumanne. Mwisho akaenda kupiga harusi moja Kerege asirudi tena, akabaki na mwanamke aliyekuwa akipika biriani kwenye shughuli ileile. Talaka yangu ilikuja kwa basi, ndani ya bahasha, na konda akaniuliza mzigo huu unalipiwa na nani. Mwanangu alikuwa na miaka tisa, amesimama pembeni yangu kituoni, ameshika ndoo.

Kwa hiyo aliposema "na baba je", nilimjibu hapohapo. "Baba yako atakuozesha msikitini, maana hilo ni la dini. Ukumbini ni kwangu."

"Nataka siku moja tu, mama," akasema. "Siku moja niwaone nyote wawili mahali pamoja, hakuna anayemtukana mwenzake. Sijawaona hivyo tangu nina miaka tisa. Mkinipa hiyo, zawadi nyingine msinipe."

Dada akanitazama. Nikasema nitafikiri.

Nilifikiri kesho yake asubuhi, nikiwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Kwetu, kwenye sherehe ya harusi, mama wa bibi harusi hupewa wimbo wake. Huchagua taarabu anayoitaka, hutoka katikati ya ukumbi akacheza, na watu huja kumtuza noti. Na kila mtu anajua kwamba wimbo ule una mtu wake. Kama una neno na wifi yako, siku hiyo unalisema kwa kidole na kwa kiuno, mdomo umeufunga. Anayekuja kukutuza ameshasema yuko upande gani. Anayepigwa kijembe hana pa kwenda: akitoka amekiri, akikaa anaumia.

Na DJ haruhusiwi kuukata. Hilo alinifundisha yeye, baba mtoto, enzi zile tunapendana, akirudi kazini akinisimulia nani kasemwa na nani kakimbilia chooni kulia, tunacheka mpaka mtoto anaamka. "Mwenye shughuli akisema rudia, narudia," aliniambia. "Hata wimbo ukiwa wa mama yangu mzazi nitaupiga mpaka mwisho. Siku nikikata, hakuna atakayeniita tena."

Mkono ukasimama, kifuu kikaniponyoka. Nilicheka peke yangu jikoni. DJ atakuwa yeye, na wimbo wangu utakuwa wake. Mpaka wimbo wenyewe niliujua: ule unaomsema mwanaume aliyekula kwa watu, akafuta mdomo kwa pazia la mwenye nyumba, akaenda kudoea kwa jirani. Miaka kumi na tano nilikuwa nikiusikia kwenye harusi za wenzangu na kujiwekea.

Nilimpigia simu mwenyewe.

"Assalaam alaykum, baba bibi harusi."

"Waalaykum salaam. Kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mtoto mzima. Anataka umpigie muziki siku yake. Na mimi nataka."

Nikamsikia anavuta kamasi. "Bibie, Mungu akulipe," akasema. "Nilijua hutonisamehe mpaka naingia kaburini."

"Yashapita hayo," nikamwambia. "Na mkeo mlete. Nitamwekea kiti cha mbele."

Nilipomweleza mwanangu, alinibusu mikono yote miwili, kila mmoja mara mbili, akaniinamia magotini akalia. Watu wanadhani mtu akifanya ubaya huwa anaona haya. Mimi sikuona. Nilikuwa na furaha ya kweli, nilimpapasa kichwa na kumwambia asiharibu macho yake kwa kulia.

Dada peke yake ndiye aliyenishuku. Alinifuata uani nikianua nguo. "Wewe una jambo," akasema.

"Sina."

"Nakujua tangu unatambaa. Muogope Mungu, usije ukamharibia mtoto siku yake."

"Mtoto haguswi," nikasema, na wallahi niliamini. Nilidhani kijembe kinakwenda kwa anayeonyeshwa kidole, basi.

Siku ikafika. Asubuhi baba mtu akamwozesha binti yake msikitini, mkono wake ndani ya mkono wa bwana harusi, na waliokuwepo walisema sauti ilimtetemeka. Ukumbi tulipewa kuanzia saa tisa mchana, na masharti yake ni kwamba adhana ya magharibi ikisikika muziki uwe umezimwa, maana msikiti uko jirani. Nilimkuta kashafika, anafunga nyaya zake mwenyewe. Amevaa suti ya kuazima, mabega yake yanaishia njiani na mabega ya suti yanaendelea. Kando ya mashine kaweka daftari la shule alilopanga nyimbo zote kwa mkono, za kuingia, za kula, za keki. Mkewe nilimweka mbele kama nilivyoahidi, akanishukuru kwa adabu. Mwanamke mnene, mpole, viatu vinambana. Miaka yote ile nilikuwa nimemtengeneza kichwani mwangu akiwa mrembo.

Bibi harusi alipoingia, baba yake hakuweka ule muziki wa kuingilia ambao kila harusi unausikia. Aliweka wimbo mmoja wa zamani sana wa dansi, polepole, kwa sauti ya chini. Niliutambua kabla ya mtu yeyote. Ndio aliokuwa akimwekea mtoto alale, pale kati ya spika na ukuta. Mwanangu akasimama mlangoni. Akamwangalia baba yake, akaniangalia mimi, akacheka huku machozi yanamtoka, mkono wa mumewe kaushika kwa nguvu. Alikuwa amepata alichokiomba. Alikaa nacho kama saa moja na nusu hivi.

Ningeweza kuacha. Sisemi kwamba sikuweza. Tulikula, keki ikakatwa, mshehereshaji akaita, "Sasa mama mzaa chema, uwanja ni wako!" Nikainuka na karatasi yangu nimeikunja kiganjani, nikapita kwanza kwenye meza ya DJ, nikampa.

Akaisoma. Akainua macho. "Bibie, mbele ya mtoto?"

"Mwenye shughuli ni mimi," nikamwambia.

Akaikunja ile karatasi tena, akaitia mfuko wa koti, akaupiga.

Wanawake wa Bagamoyo hawahitaji beti mbili. Kinanda kilipoanza tu nikasikia ukumbi unavuta pumzi, halafu vigelegele. Nikacheza. Kidole kikaenda kwa DJ, kikarudi kwenye kiti cha mbele kwa mpishi wa biriani, kikaenda kwa DJ tena. Walikuja kunituza mpaka wale tusiosalimiana. Noti zikanijaa kwenye mtandio, nyingine zikaanguka nikazikanyaga. Mke wake alitazama chupa yake ya soda, akawa anaichana ile karatasi ya chupa vipande vidogovidogo, anavipanga mezani. Wimbo ulipokwisha nikapiga kelele, "Rudia!" Akarudia. Ulipokwisha tena nikasema, "Rudia!" Akarudia.

Nilitaka ainame. Nilitaka azime, akimbie, apunguze hata sauti kidogo niseme nimempata. Hakupunguza. Alisimama wima, mikono nyuma, na penye kiitikio, mahali ambapo DJ anayejua kazi yake huipandisha sauti, aliipandisha. Alinipigia wimbo wangu vizuri kuliko ulivyowahi kupigwa kwa mtu yeyote mjini pale. Nilimchukia zaidi.

Hapo bibi harusi akainuka. Bibi harusi kwetu hainuki kitini mpaka ainuliwe, kwa hiyo mumewe akamshika mkono, yeye akautoa. Akakusanya gauni lake mwenyewe, akashuka jukwaani. Wanawake wakapisha njia, vigelegele vikazidi, wakidhani anakuja kumtuza mama yake. Na mimi nilidhani hivyo. Nikafungua mikono.

Akapita. Gauni lake lilinigusa miguu. Akaenda hadi kwenye ile meza, akavua bangili ya dhahabu niliyomvisha asubuhi, ambayo mimi nilivishwa na mama yangu, akaiweka kwenye kiganja cha baba yake, akakifumba vidole kimoja kimoja. Kisha akazunguka nyuma ya mashine, akasimama begani kwa baba yake, akanigeukia. Wimbo ulikuwa bado katikati.

Vigelegele vilikatika. Sauti ya spika ikabaki peke yake, inamsema mtu, na safari hii sikujua inamsema nani. Niliendelea kucheza, maana sikujua nisimame vipi. Nilicheza peke yangu katikati ya ukumbi, na noti chini ya miguu, mpaka adhana ikasikika na baba yake akazima.

Bangili ilirudi kesho yake, ameileta dada. Baba mtu kasema ni mali ya upande wangu. Mwanangu nilipompa akasema niiweke tu. Iko kabatini.

Yeye alihamia Makurunge, mumewe ana kazi kule kwenye shamba la miwa. Hajawahi kunigombeza. Kila Idi huja, huniletea unga na mafuta, hunipa shikamoo yangu, huosha vyombo, hufagia uani, na kabla ya magharibi huwa ameshaondoka. Kulala halali. Nilijiambia kwamba yamekwisha, na kwamba watoto wa siku hizi wana kazi nyingi.

Idi hii iliyopita alikuwa jikoni anakosha masufuria, simu yake haionekani. Alikuwa ameiweka mahali chumbani kwangu akasahau wapi. Nikamwambia ngoja niipige tuisikie.

Nikabonyeza. Kutoka chini ya mto wangu, kinanda kikaanza. Kisha ile sauti ya mwanamke, kisha pazia, kisha jirani. Nilisimama na simu sikioni.

Mwanangu alikuja mlangoni anafuta mikono kwa kanga, hana haraka. "Ukipiga wewe ndio unalia huo," akasema. "Wengine wote wana mlio wa kawaida."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile, mama."

Kidole kikaenda kukata. "Acha uishe," akasema, kwa upole kabisa, kama anavyoniambia ninywe dawa. Nikaacha. Tukasimama, yeye mlangoni, mimi kando ya kitanda, tukausikiliza mpaka simu yenyewe ilipochoka. Akaja akainua mto, akachukua simu yake, akarudi kumalizia masufuria.

Siku hizi nikiwa na neno naye, namtumia ujumbe.