Pori la Mtani

Mimi nina kiherehere, na sioni sababu ya kukificha. Mwaka huo msimu wa kuwinda ulikuwa bado miezi miwili, lakini nilishaomba likizo kazini, nilishanunua buti, na fundi wa mtaani kwetu Mkonze alishanishonea suruali ya kaki yenye mifuko sita. Wenzangu wa masjala walinicheka. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mtunza mafaili, anakwenda kuwinda! Niliwaambia wacheke vizuri, nyama nitawaletea wasiocheka.

Bunduki ilikuwa ya Baba. Tangu nikiwa msichana, kwetu Iringa, alinichukua porini kila kiangazi kwa sababu hakuzaa mtoto wa kiume, halafu baadaye akaendelea kunichukua kwa sababu nililenga vizuri kuliko yeye. Alipostaafu tukahamisha umiliki wa bunduki kwa jina langu, na serikali iliponihamishia Dodoma nilimchukua akae nami. Kumbe nilimletea adhabu. Mtu aliyezoea milima nilimweka kwenye ua wa tofali, akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki kutazama ukuta.

Halafu akaanza kugonga milango kwa bega. Akimwaga chai, anasema kikombe kimesogea. Nikampeleka hospitali, daktari akatuambia ni presha ya macho. Alieleza kwa upole kwamba macho ya Baba yanafungwa kuanzia pembeni kuja katikati, kwamba sasa hivi anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na kwamba dawa ya matone itachelewesha tu. Baba aliuliza swali moja: bomba hilo litafungwa lini? Daktari akasema huenda mwaka, huenda pungufu.

Tulirudi nyumbani. Jioni ile ile akaniambia anataka kumwona pongo. Hakusema kula, alisema kumwona. Pongo ni swala wa vichakani, mpweke, mwenye madoa meupe ubavuni, na dume lake lina pembe zilizojisokota. Ana aibu mno. Unaweza kupita hatua kumi kutoka alipo usijue. Baba alipenda kusema kwamba mnyama mwingine yeyote unamwinda kwa miguu, lakini pongo unamwinda kwa macho. Basi nikajua msimu huo ndio wenyewe, hakuna mwingine.

Leseni nilipata, ila afisa wanyamapori alitaka niandike mahali nitakapowinda, na kama ni ardhi ya mtu, nilete mkataba na mwenye ardhi wenye mhuri wa kijiji. Nikauliza huku na huku. Mwenzangu mmoja wa kazini akanielekeza kwa mzee mmoja, Mgogo, huko mbele ya Chamwino, mwenye pori la ukoo lenye korongo katikati na hati ya kimila mkononi. Pongo wapo, alisema, wanakula kunde za watu.

Jumamosi tukaenda. Mzee tulimkuta anakarabati zizi, mrefu, mkavu, masikio yametobolewa tangu zamani. Nikapiga goti, shikamoo. Akaniitikia, "Marahaba, mke wangu." Nikajua tumefika salama. Wagogo na Wahehe ni watani, na mtani akikuona hakupi heshima, anakupa maneno. Alipomsikia Baba akisema kamwene, salamu yetu ya Kihehe, akatupa kamba chini akapaza sauti kuwaita wa nyumbani wafunge mbwa ndani, Wahehe wamekuja na njaa zao. Baba akamjibu kwamba hajaja kula mbwa, amekuja kumpa Mgogo sadaka kabla hajaombwa. Ilikuwa raha, jamani! Miezi mingi sikuwa nimemsikia Baba akicheka hivyo.

Katikati ya matusi hayo Baba akasema anataka kukodi pori kwa msimu mmoja.

"Chukua," mzee akasema. "Chukua na mbu wake. Mimi nahamia kwenu Iringa leo leo."

Baba akauliza kodi. Mzee akataja mbwa wawili wanono. Tukacheka, tukanywa maziwa mgando, tukala ugali wa mtama na mlenda, tukaondoka. Njiani nilikuwa naimba. Kodi ya kweli tutaandika kwenye mkataba, nilimwambia Baba, wazee hawapendi kutaja fedha siku ya kwanza. Naye alikubali. Ndivyo akili zetu mbili zilivyoungana kuwa ujinga mmoja.

Jumamosi tatu mfululizo tulikwenda kuandaa pori. Tulifyeka njia ya kunyatia kutoka barabarani hadi kwenye korongo, nyembamba, tukaokota hadi majani makavu ili buti lisilie. Baba aliniamuru nifue nguo kwa maji matupu, maana pongo akisikia harufu ya sabuni ya unga anahama wilaya. Nikazianika jikoni juu ya moshi wa kuni, nikaenda kazini Jumatatu nanuka kama samaki wa kubanika, wala sikujali. Baba alipiga magoti kwenye mchanga wa korongo na kusoma nyayo kwa vidole. Aliokota mavi, akayavunja, akayanusa, akanionyesha: dume, wa alfajiri ya leo, amekula majani ya mkole. Alikuwa hagongi kitu huko. Porini alitembea kama mtu mwenye afya yake, mkono mmoja mbele, na mimi nyuma yake moyo ukinidunda kwa furaha.

Mzee naye alikuja kila mara na kigoda chake. Alikaa kivulini akitukosoa: panga mnashika kama mwiko, yule mwanamke asipofyeka zaidi nitampa talaka. Jumamosi ya tatu alileta majirani wawili kututazama. Wakatutazama, wakatikisa vichwa, wakacheka sana. Nilidhani wanafurahia bidii yetu.

Ikabaki siku mbili msimu ufunguliwe. Nikachapa mkataba kazini, nakala tatu, tukaenda ofisi ya mtendaji wa kijiji. Mzee akaja amevaa koti. Mtendaji, kijana mpole, akausoma kwa sauti, na alipofika kwenye maneno "mpangishaji amekubali" mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi na kona ya koti. Kisha akatutazama mmoja mmoja, kicheko kikamwishia usoni.

Akauliza kama tulikuwa tunasema kweli.

Ah! Yeye alidhani tunamtania. Mtani kuja kukuomba pori, ukampa pori na mbu wake, ndiyo mchezo wenyewe huo. Na sisi tulipokuja na mapanga, akaona hawa Wahehe wanajua utani mpaka wanatisha, wamekuja kunifyekea bure ili waone nitasema nini. Ndiyo maana alileta majirani. Alitueleza hayo kwa masikitiko ya kweli, halafu akasema kwamba pori hakodishi. Wakati wa kiangazi ng'ombe wake wanashinda mle na wajukuu wanawachunga, na hataki risasi ipite pori lenye watoto wake.

Nilikasirika. Tena nilikasirika vibaya, kwa sababu alikuwa na haki. Nilisema tumefyeka Jumamosi tatu, nilisema mtu mzima hacheki na watu wanaotoka jasho, nilisema mambo mengine ambayo kwa asiye mtani yangenipeleka baraza la kata. Mtendaji akafunika kalamu yake. Hapakuwa na muda wa kutafuta pori lingine, kupata mhuri mwingine, kurudi kwa afisa, na likizo yangu ilikuwa ya wiki moja tu. Nilimwona Baba pale kwenye benchi amevaa kofia yake ya porini, nikataka kulia.

Baba akavua kofia.

"Mtani, leo sitanii," alisema. "Macho yangu yanakwisha. Nilitaka nimwone pongo mara moja."

Mzee akatabasamu. Utani ukishaingia mwilini, hautoki siku moja. Akasema hata yake yamekwisha kwa kutazama sura ya Mhehe wiki tatu. Na kama alivyozoea kumchokoza, akainua vidole viwili kando ya sikio la Baba, kama pembe, akavichezesha, akingoja kofi la mkono ambalo Baba angempa.

Baba hakutikisika. Alikuwa anatazama mbele, uso umetulia, anangoja jibu.

Vidole vikaacha kucheza. Mzee akausogeza ule mkono mbele taratibu, kidogo kidogo, kama anayepima kitambaa. Ukapita sikio, ukapita shavu. Ulipokaribia pua, ndipo Baba akashtuka na kurudisha kichwa nyuma. Mtendaji alikuwa anatazama meza. 

Mzee akaketi kwenye benchi karibu na Baba.  Akamuuliza tangu lini, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na Baba akamwambia tangu masika ya mwaka jana.

"Andika," mzee akamwambia mtendaji. "Andika na mimi nakwenda nao. Ng'ombe nitawapeleka upande wa pili."

Kodi aliyotaja mara hii ilikuwa ya kweli, na ilikuwa ndogo mno, lakini nilijifunza siku hiyo kutobishana naye. Nikatia saini.

Siku ya kufungua msimu niliamka kabla jogoo hajaamua. Baba alikuwa ameshavaa. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba unakata masikio, lakini nilikuwa na joto la ajabu kifuani, la mtoto wa siku ya sikukuu. Kulipopambazuka tukaingia pori kwa njia yetu, Baba mbele akigusa nyayo, mzee kando yake, mimi nyuma na bunduki. Wale wazee wawili ambao hawakuwahi kunyamaza hawakutoa hata pumzi. Kila jani lililotikisika lilinifanya niruke moyoni. Kanga wakaruka, nikadhani nimekufa.

Ukingoni mwa korongo mzee akasimama. Nami nikamwona. Alikuwa ng'ambo, chini ya kichaka, dume, ametulia tuli, jua la kwanza limemwangukia ubavuni na yale madoa yake yote. Alikuwa mzuri kupita nilivyokumbuka. Nikainua bunduki polepole.

Baba hakuwa amemwona. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku, akitafuta kwa lile tundu lake dogo, na kila mara anampita. Nilimwona akianza kukata tamaa, mabega yakimshuka. Kusema hatuwezi, kunyoosha kidole ni bure, kidole chenyewe angekitafuta.

Basi mzee akajongea nyuma yake. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, kwenye mashavu, kama unavyomshika mtoto anayenyolewa, akakigeuza. Kushoto kidogo. Chini kidogo. Akakirudisha upana wa unywele mmoja. Akaacha hapo.

Nikasikia pumzi ya Baba ikiingia na isitoke.

Sijui tulikaa vile muda gani. Mikono yangu iliwaka kwa uzito wa bunduki. Pongo akachezesha sikio, akala jani, akainua kichwa. Mzee hakuiondoa mikono. Pongo alivyosogea hatua moja, na kichwa cha Baba kilisogezwa pamoja naye. Hatimaye, kwa mnong'ono, nikasikia nililokuwa nikilingojea.

"Nimeshiba. Piga, mwanangu."

Nikapiga. Akaanguka pale pale, risasi moja, na mlio ulipoishia makorongoni nilipiga kigelegele, nikaruka na bunduki yangu kama mwendawazimu, nikaukumbatia mti. Mzee alisema mke wake amechanganyikiwa. Tulivuka korongo tukimshika Baba huku na huku.

Baba akapiga magoti. Akapapasa shingo, akapapasa masikio, akafika kwenye pembe akafuata mzunguko wake kwa vidole mpaka nchani. Alikuwa anatabasamu, na machozi yanateremka bila yeye kuyafuta.

"Mwakani sitamwona," alisema.

 Mzee akachuchumaa karibu naye.

"Mwakani nitakusimulia mimi," alisema. "Na nitakudanganya, wewe ni mtani wangu. Nitakwambia pembe zilikuwa ndefu kuliko hizi."

Mkono wa Baba ulikuwa bado kwenye pembe.

"Ndefu kiasi gani?"

Mzee akamshika mikono yote miwili, akaitenganisha, akaendelea kuivuta mmoja huku na mwingine huku, hadi Baba akabaki ameitanua kama mtu anayempokea mgeni.