Hitima ya Babu Aliyekwenda Burma

Baba alitaka jambo moja tu kabla hajafa: kumsomea babake hitima. Bibi alikuwa amekataa maisha yake yote. Mumewe alichukuliwa na Waingereza kwenda kupigana Burma, hakurudi, na hakuna aliyemletea habari. "Mtu hai hasomewi hitima," alikuwa akisema. Eda hakukaa. Akafa hivyo hivyo, mke wa mtu.

Mimi hasira zangu ziko karibu, na baba anazijua. Alinipa nambari ya jeshi ya babu, iliyokuwa kwenye barua yake ya pekee, akasema, "Nenda wewe, hawatakuzungusha." Nikaomba ruhusa hotelini Diani ninakofanya kazi, nikaenda Nairobi, kwenye ofisi ya nyaraka za zamani. Walinizungusha siku tatu, lo! Siku ya nne karani, kwa kunichoka, akaniwekea faili mezani.

Babu hakufika Burma. Alikufa kwa kuhara damu kambini Mombasa, kabla meli haijaondoka. Mombasa! Kutoka kwetu Waa ni kivuko tu. Bibi angekwenda kwa miguu akamwahi.

Ndani mlikuwa na barua ya msiba, imerudishwa. Mjumbe wa chifu aliandika kwamba huyo mama hajulikani Waa. Nilimtukana, Mungu anisamehe, mpaka nilipoisoma anwani. Babu alipoulizwa jeshini mkewe ni nani, hakumtaja. Mwanamume wa kwetu mwenye haya hamwiti mkewe kwa jina. Alisema ni mama fulani, akataja kifunguamimba wao. Mtoto yule naye alikuwa ameshakufa kwa homa, babu yuko kambini. Na kwetu mtoto akifa, mamake haitwi tena kwa jina lake, asitoneshwe kidonda. Mjumbe aliulizia jina hilo tu, kwa kuwa habari ya kifo haitangazwi kabla mwenyewe hajaambiwa. Watu wakakwepa kulitamka jina la marehemu, naye akaenda zake.

Ijumaa tulisoma hitima. Watu walipokwisha kula pilau na kuondoka, baba akaniita.

"Hebu nisomee tena, mama nani?"

Nikasoma jina la marehemu kakake.

"Na aliyefuata ni mimi."

"Ulikuwa wa kunyonya, baba. Una kosa gani?"

"Sina. Lakini mjumbe alipokuwa akiuliza, mama alikuwa papo hapo, amenipakata, na watu wakimwita kwa jina langu."