Niliivunja Injini, Nikamsingizia Ndugu Yangu

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu miaka yote hii watu wa kwetu Ikutha wanaamini ni la mdogo wangu Kyalo, na mimi nimewaacha waamini.

Mama aliumwa na nyoka shambani asubuhi, mguuni. Tukamlaza nyuma ya pikapu yangu kuukuu, Kyalo akamshika, nikaendesha kuelekea hospitali Kitui.

Mto unaokatiza barabara ulikuwa umefurika. Kyalo akasema tungoje maji yapungue kidogo. Nikaingia tu. Katikati maji yakafunika boneti, gari likazima. Wanaume wa ng'ambo ndio waliotusukuma tukatoka.

Nikapiga stata. Ikagonga mara moja, ikakwama.

"Usiwashe tena," Kyalo akasema. Yeye ni fundi, kazi alijifunza Makindu. "Silinda zimejaa maji. Wacha nitoe plagi, tuzungushe injini iyateme yote. Nusu saa tu."

"Mama anakufa, wewe unanihubiria plagi?"

Nikawaambia wale wanaume wasukume gari kwenye mteremko. Nikatia gia ya pili, nikaachilia klachi. Likatoa mlio kama shoka limegonga jiwe. Maji hayabanwi, jamani. Pistoni ilipanda ikayakuta, mkono wa chuma unaoisukuma ukavunjika ukatoboa bloki ya injini. Oili yote ikamwagika mchangani.

Tulimbeba Mama kwa blanketi mpaka jioni, ndipo tukapata lori. Alipona, lakini mguu ulikatwa chini ya goti.

Hospitalini wajomba wakauliza gari liliharibikaje. Nikajibu, "Kyalo alichokoachokoa injini."

Kyalo alikuwa amesimama hapo hapo. Aliniangalia, akatoka nje. Tangu siku hiyo hakuna mtu Ikutha aliyempa gari atengeneze. Akarudi Makindu, na hajakanyaga nyumbani tena.

Nina hasira, na si na mto wala nyoka. Ni na huu mdomo wangu. Mama alisikia kila neno Kyalo aliloniambia pale mtoni, akiwa nyuma ya pikapu, na hajawahi kunigombeza. Huniuliza tu, "Umemwandikia Kyalo?" Namwambia nimeandika. Sijaandika hata mstari mmoja.

Wewe unayesoma, gari likimeza maji, toa plagi kwanza. Na ukilivunja, sema ni wewe, siku hiyo hiyo, mbele ya watu hao hao. Ukichelewa utakuwa kama mimi. Ona, hata hapa nimelitaja jina la Kyalo, langu nimelificha.