Mjukuu wangu aliyenyamaza, mazoezi ya mikono ya Nkwenda, na siku tuliyopangiwa kwenda Kimuli

Wakuu, salaam. Mnaonizidi umri, shikamooni. Niliowazidi, nimekwisha kuitikia.

Mimi ni mama mjane, mkazi wa Ihanda, Karagwe. Jukwaa hili nimelisoma kwa muda mrefu bila kuandika neno, na huu ni uzi wangu wa kwanza. Nitakayoeleza nimeyaona kwa macho yangu. Pale ambapo sikuona, nitasema sikuona. Majina nimeyabadili. Tarehe huwa sibadilishi.

Picha hakuna. Mtoto wa watu si bidhaa ya kuonyesha mtandaoni, kwa hiyo wale wa "uzi bila picha" mnivumilie.

Niseme kidogo kunihusu, maana nimeona humu mtu akishajiita mjane wa kijijini huanza kufundishwa hata asichouliza. Mume wangu alifariki tarehe 19 Agosti 2006. Wakati huo nilikuwa na elimu ya darasa la saba. Nikarudi kusoma masomo ya jioni, na mwaka 2011 nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa tayari nina wajukuu. Nilifaulu. Vijana waliokuwa chumba kimoja nami walidhani mimi ndiye msimamizi.

Sasa niingie kwenye habari yenyewe.

Ninalea mjukuu, nimwite Koku. Ni mtoto wa mwanangu Asimwe, ambaye yuko Geita kwenye machimbo. Mama yake aliolewa kwingine. Shule zilipofunguliwa Jumatatu ya tarehe 8 Januari 2024, Koku alikuwa na miaka saba, na alikuwa mtoto wa maneno mengi.

Kufikia mwezi Machi alikuwa amenyamaza.

Hakunyamaza kabisa kama bubu. Alipunguza. Ukimuuliza jambo anakutazama usoni kwa muda, kisha anatoa neno moja au anaondoka. Shuleni waliandika kwamba ni mkaidi. Nilimpeleka zahanati, wakampima malaria, hakuwa nayo. Wakampa dawa ya minyoo.

Hapo ndipo ukoo ulipoingia.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, nimwite Rwegasira. Si mtu mbaya, na naomba msimhukumu kabla ya kufika mwisho. Mama yao, yaani mama mkwe wangu, alikuwa embandwa. Kwa wasio wa huku: ni mtu aliyekabidhiwa kwa mzimu katika ibada ya zamani tunayoiita kubandwa, na mzimu huo husema kupitia kwake. Koku amepewa jina la bibi huyo.

Shemeji alisema mama yao naye alinyamaza utotoni, mpaka alipokabidhiwa, na kwamba sasa amerudi ndani ya Koku, anataka mtoto akabidhiwe. Alisema pia kwamba dada yao aliitwa hivyo hivyo, wazazi wakakataa kwa sababu ya kanisa, na yule dada akafa kabla hajavunja ungo.  Sikumwona kama mtu anayetaka ushirikina. Nilimwona mtu anayeogopa kuzika tena.

Mimi ni Mlutheri, na nilikuwa kiongozi wa akina mama usharikani. Lakini usiku nilipokuwa namtazama Koku amelala, sikuweza kuapa kwamba shemeji amekosea. Nawaambieni ukweli.

Mwezi Aprili mama mmoja mnunuzi wa ndizi alinieleza kwamba Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, kuna mwalimu anayesaidia watoto wasiosema. Jumamosi ya tarehe 13 Aprili tukaenda.

Mwalimu huyo, nimwite Teodora, ni Mtanzania mwenzetu. Alisomea Nairobi fani inayotokana na anthroposofia. Kwa nilivyoelewa, ni mafundisho yanayosema mtu ana mwili, nafsi na roho, na kwamba elimu, kilimo, tiba na hata kutembea vinapaswa kuvigusa vyote vitatu. Anafundishia katika ghala la zamani lililokuwa la kuwekea maharage.

Mazoezi yake yanaitwa yuritmia. Kila sauti ina umbo lake katika mwili. A, mikono inafunguka. O, inazunguka kama unakumbatia mtu. U, inanyooshwa sambamba. Watoto wanavaa kanzu nyepesi za rangi, wanatembea polepole kwa kufuata njia ya duara, wanapokezana fimbo fupi za shaba, huku mwalimu akitamka maneno ya Kiswahili au akipiga kinubi kidogo.

Koku aliyapenda tangu siku ile. Mwalimu akiinua, yeye ameinua. Akizungusha, amezungusha. Baada ya majuma machache alikuwa hodari kuliko wote, na mwalimu akaniambia kwa furaha, "Mama, mtoto huyu hajanyamaza. Anasema kwa mikono."

Nilirudi Ihanda nikiwa nimekaa wima juu ya bodaboda kama mtu aliyepewa cheti.

Furaha hiyo haikudumu. Habari za kanzu na kuzunguka duara zilifika usharikani kabla yangu. Mama mmoja akasema mbele ya wenzake kwamba huo ni ubandwa wa Kizungu. Shemeji naye, aliyetaka ubandwa wenyewe, akanicheka, "Mama Asimwe, umekataa mambo ya ukoo, sasa unampeleka mtoto Nkwenda kupunga mikono kama anayefukuza ndege kwenye mtama?"

Mzee mmoja wa kanisa aliniita akaniuliza kwa upole: wale watu wanaomba kwa nani? Nilimjibu kwamba sijui, nitauliza. Nikaambiwa nipumzike uongozi wa akina mama mpaka nitakapoleta jibu.

Nikamuuliza mwalimu, naye hakunificha. Alisema darasani haombi kwa yeyote isipokuwa anawatakia watoto asubuhi njema. Lakini mwanzilishi wa mafundisho hayo alifundisha kwamba roho ya mtu huja duniani zaidi ya mara moja, na yeye binafsi anaamini hivyo.

Wakuu, hebu pimeni. Shemeji anasema bibi amerudi ndani ya Koku. Mwalimu msomi naye anasema roho hurudi. Nilimkimbia mmoja nikamkuta yuleyule upande wa pili.

Nilimwambia mwalimu wazi: mume wangu amelala kwenye kibanja changu, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na nitamkuta siku ya ufufuo akiwa yeye, si akiwa mtoto wa mtu mwingine. Akasema, "Sawa, mama. Hilo sikulazimishi. Mikono tu ndiyo nakuomba tuendelee nayo."

Nikaendelea, lakini kwa hofu.

Jumapili ya tarehe 16 Juni ukoo ukakaa. Nilisema yote niliyoweza, nikasikilizwa kwa heshima, kisha ikaamuliwa kama vile sikuwepo. Mtoto ni wa ukoo. Angepelekwa Kimuli kwa mtu anayejua kazi ya kubandwa, Jumamosi ya tarehe 13 Julai. Nilimpigia Asimwe simu. Akasema, "Mama, elewaneni na baba mdogo." Mwanangu huyo nilimsomesha mimi.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza mwalimu. Hakuwa na la kufanya kuhusu ukoo, ila alinipa zoezi ambalo alisema walimu wao hulifanya kwa mtoto wasiyemwelewa. Kila jioni baada ya kula, nikae niipitie siku kinyumenyume, kuanzia pale nilipokaa mpaka nilipofungua mlango asubuhi. Nisiandike. Nisiseme mtoto alikuwa mkaidi au mtiifu. Nione tu: alisimama wapi, alitazama wapi, mikono yake ilikuwa wapi.

Kwa mtu kama mimi, ambaye akili yake hupanga kila jambo kwa kufuata tarehe, zoezi hilo ni adhabu. Nilikuwa nikifika adhuhuri najikuta nimegeuza, naenda mbele tena.

Alhamisi ya tarehe 27 Juni likanikubali.

Nilianza na chakula cha jioni. Koku alikaa mbele yangu, nikamwomba chumvi, akanipa. Nikarudi mchana: alikuwa jamvini anageuza kahawa juani, amenipa mgongo. Nilimwita, hakuitika, nikaishia kumfokea. Nikarudi asubuhi: kwenye ndoo, uso kwa uso, nikamwambia anawe miguu, akanawa. Nikarudi alfajiri: amelala kaelekea ukutani, namwamsha kwa kuita, hageuki mpaka nimguse bega.

Siku ile ilipopita kwa mbele, ilikuwa siku ya mtoto anayejisikia leo kutii, kesho kukataa. Ilipopita kinyume, tabia yote ilidondoka, yakabaki mambo mawili. Uso, anatii. Mgongo, haitiki.

Nilisimama nikaenda mlangoni kwake. Alikuwa amenipa mgongo, anachora chini kwa kijiti. Nikaita jina lake kwa sauti ya kawaida. Kijiti hakikusimama.

Jumamosi ya tarehe 29 nilimweleza mwalimu. Akamweka Koku peke yake katikati ya ghala, akasimama nyuma yake akatamka A. Koku hakuinua mikono. Akatamka O. Mtoto alikuwa anatazama fimbo za shaba pembeni, ametulia, anasubiri tuanze.

Mwalimu alikaa chini sakafuni.

"Mama," aliniambia, "muda wote huu alikuwa anaisoma mikono yangu. Nikadhani anaisikia sauti kwa mwili mzima."

Nikamwambia hata mimi nilidhani hivyo.

"Nenda hospitali," akasema. "Hili si la kwangu."

Nataka msomaji alione vizuri hilo. Uhodari wa Koku kwenye mazoezi ndio uliotuficha. Kadiri alivyopatia ndivyo sisi watu wazima wawili tulivyozidi kupotea.

Daktari wa masikio huja hospitali ya huku kwa zamu. Nikapangiwa Jumatatu ya tarehe 15 Julai, yaani siku mbili baada ya safari ya Kimuli. Nilimwambia shemeji. Akasema kila nikikaribia kushindwa huwa nazua ugonjwa mpya.

Jumamosi ya tarehe 13 alifika asubuhi na bodaboda, amevaa kofia yake ya sherehe, ameshika kuku mweupe. Koku alikuwa jamvini na kahawa yake, ametupa mgongo.

Sikulia. Nilisema, "Shemeji, mtoto ni wenu. Kabla hujamchukua, simama hapo ulipo umwite."

"Unanichezea, Mama Asimwe."

"Mwite."

Akamwita. Kisha kwa nguvu. Kisha kwa jina lile la marehemu mama yake yeye shemeji, kwa namna wanavyoitana nyumbani kwao, hata kijana wa bodaboda akazima pikipiki yake. Kuku walitawanyika uani. Koku aliokota punje mbovu, akaitupa pembeni, akaendelea.

Mwishowe kivuli cha shemeji kikafika jamvini. Mtoto akageuka, akamwona, akatabasamu, akapiga goti. "Shikamoo, Babu."

 Shemeji alivua kofia.

"Pasaka nilimchapa," alisema. "Nilimtuma maji, akanipuuza. Nilimchapa kwa kutoitika."

Nilimletea maji ya kunywa.

Lakini yeye ni mtu wa ukoo wake. Alipokwisha kunywa maji alisema, "Jumatatu nakwenda nanyi. Wakisema masikio ni mazima, tunatoka hospitalini tunaelekea Kimuli."

Ndugu zangu, mnajua nilichokiombea Jumapili ile kanisani, nikiwa kwenye benchi la nyuma? Nilimwomba Mungu mjukuu wangu akutwe mgonjwa. Nilipomaliza kuomba niliogopa kusema amina.

Jumatatu daktari alimulika masikio yote mawili, akafanya vipimo vyake, shemeji amesimama ukutani na kofia mkononi. Akatueleza kwamba nyuma ya ngoma za masikio kumejaa maji mazito, yamekaa muda mrefu, na mtoto anasikia kama mtu aliyezama kisimani. Linatibika, alisema, ila tumechelewa, na hawezi kuahidi yote yatarudi.

Shemeji aliuliza swali moja tu: "Je, huwa wanakufa?" Daktari akasema hapana, kwa hili hawafi.

Akatoka nje. Nilimkuta baadaye amekaa karibu na bomba la maji, uso umelowa, anasema jua la leo ni kali.

Matibabu yalikuwa ya muda, na mengine yalitupeleka Mwanza. Hadi ninapoandika, sikio la kulia limefunguka. La kushoto bado. Maneno ya Koku yamerudi. Amekuwa msumbufu wa kutosha.

Usharikani nilipeleka jibu: darasani hawaombi kwa yeyote, mwalimu anaamini kisichoaminiwa na kanisa letu, nami nilimwambia hivyo usoni. Mzee alishukuru. Uongozi sijarudishiwa, na sitauomba.

Nkwenda bado tunakwenda. Mwalimu sasa hutamka kwanza akiwa nyuma ya watoto, ndipo huzunguka mbele kuonyesha mikono.

Nilichojifunza, nakisema kama nilivyokiona. Yuritmia haikutibu masikio ya mjukuu wangu. Hospitali ndiyo iliyotibu. Roho kurudi duniani sikubali, liwe limetoka Kimuli au ng'ambo. Lakini kule kuitazama siku kinyumenyume, bila kumpachika mtoto tabia, ndiko kulikonionyesha kilichokuwa mbele yangu tangu Machi. Mwenye mtoto "mkaidi" nyumbani asimame nyuma yake amwite kwa sauti ya kawaida, leo, kabla hajamchapa na kabla hajamkabidhi kwa mtu yeyote.

Shemeji huja bado, mara nyingi zaidi kuliko zamani. Akimkuta Koku jamvini ametupa mgongo, hamwiti. Anavua viatu, anaizunguka kahawa yote kwa ukingo, mzee mzima, mpaka afike mbele ya uso wa mtoto. Hapo ndipo anaposubiri shikamoo yake.

Kama kuna mwenye mtoto aliyepona sikio la pili baada ya kuchelewa, naomba aniambie ilichukua muda gani. Na mwenye kunipinga kuhusu Nkwenda au kuhusu Kimuli aandike kwa adabu. Nitamsoma hadi mwisho.