Zamu ya Chizuru

Ukimuuliza Sumie Nakade amefanya kazi gani maishani, atakwambia ameoka biskuti za mchele na kuzoa tope la mtaroni. Biskuti aliwaokea wateja. Tope alilizoa kwa niaba ya mtu mwingine, na hilo ndilo alilojivunia zaidi.

Mtaa wake uko Takaoka, nchini Japani, upande wa wafua shaba. Kila Aprili, theluji ikishayeyuka, kila nyumba hutoa mtu mmoja wa kusafisha mtaro unaopita mbele ya milango. Uwe daktari, uwe muuza samaki, unatoka. Usipotokea hakuna atakayekutukana. Watakusalimia kwa adabu mwaka mzima, na adabu hiyo itakuchoma kuliko matusi.

Jirani wa akina Sumie alikuwa mjane Kanbara, aliyeshinda kiwandani, kwa hiyo zamu ya mtaro ilimwangukia binti yake wa pekee, Chizuru. Siku moja, akiwa na miaka kumi, kipande cha chupa kilichojificha topeni kilimpasua kidole, na mashindano yake ya kwanza ya piano yalikuwa yamebisha hodi. Hakwenda. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Sumie, aliyemzidi miaka mitatu, akachungulia juu ya ua.

"Nyamaza wewe! Kuanzia leo tope lenu nazoa mimi. Wewe piga hicho kidude chako."

Ahadi za watoto kwa kawaida hazifiki jioni. Hii ilipita miaka hamsini. Sumie aliolewa mtaani palepale na muoka biskuti, akazaa, akamzika mume, na kila Aprili akazoa vipande viwili vya mtaro: mbele ya kwake na mbele ya kwa akina Kanbara. Chizuru akaenda kusoma Tokyo, kisha Warszawa kule Poland, akawa mtu ambaye kumbi za Ulaya zilisimama kumpigia makofi. Kila redio ilipopiga muziki wake, Sumie aliongeza sauti mpaka biskuti zikatetemeka kwenye makopo.

"Sikilizeni hapo," aliwaambia wateja. "Hapo mna beleshi langu."

"Beleshi gani tena, bibi? Hiyo si piano?"

"Kaa kimya ule biskuti."

Watu walicheka wakidhani anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

Mwaka juzi Chizuru aliaga jukwaa, nywele zote nyeupe, akarudi kuishi katika nyumba ya marehemu mama yake. Jumapili ya mtaro ilipofika, alitokea na buti za mpira ambazo bado zilikuwa na lebo ya dukani, beleshi begani.

Mtaa ukapigwa na butwaa. Mzee Hatanaka, mwenyekiti wa mtaa, alimkimbilia huku akiinamainama, akimwita Mwalimu kama wanavyoitwa mabingwa wote wa sanaa huko.

"Mwalimu, tafadhali! Karibu ukae. Chai iko tayari."

"Nimekuja kuzoa tope."

"Kwa mikono hiyo? Mji mzima utatulaani! Chai, Mwalimu, chai."

Mtu mmoja akaja mbio na mto wa kukalia, ule wa hariri unaotolewa kwa wageni wa heshima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alizaliwa pale, na bado jembe walimnyima. Chizuru aliutazama ule mto, hakuukalia. Akamgeukia Sumie.

"Dada, waambie. Hii ni zamu yangu."

Wote wakamtazama Sumie. Na ukweli usemwe: Sumie hakutaka. Mgongo ulikuwa umemwisha, usiku alilala kwa shida, lakini kile kipande cha mtaro ndicho kilichokuwa hisa yake katika muziki wote ule. Akikitoa, atabaki nani? Muoka biskuti mwenye jirani maarufu, basi. Akaukaza mkono kwenye mpini.

"Kaa unywe chai, Chizuru."

"Dada, maisha yangu yote nimepigiwa makofi na watu nisiowajua. Hapa kwetu, tangu nikatwe kidole, sijaambiwa hata shika ufagio. Nikifa leo, mtanizika kama mgeni."

Sumie aliuachia mpini. Kisha akaunyakua ule mto, akamtupia mwenyekiti.

"Hatanaka, kalia wewe mwenye kiuno kibovu. Na wewe, bandua hiyo lebo, unatutia aibu. Njoo huku."

Chizuru alizoa vibaya, vibaya sana. Beleshi la kwanza la tope liliishia kwenye suruali ya mwenyekiti.

"Kunja magoti!" Sumie alifoka. "Unashika beleshi au kijiko cha uji? Usilibembeleze hilo tope, halikuzai!"

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu Chizuru, na hakuwa na mzaha.

Adhuhuri wakakaa wote ukingoni mwa mtaro wakila matonge ya wali. Chizuru aliwaonyesha wote malengelenge ya mkononi, kama mtoto aliyeng'oka jino. Kisha akasogea karibu na Sumie.

"Nilishasahau tope ni zito hivi, dada. Asante. Asante kwa miaka yote."

Sumie aliweka tonge lake kando. Akampigapiga mgongoni kwa mkono wenye tope.

Jioni, akiwa dukani anapanga makopo, alisikia piano kwa jirani. Ulikuwa wimbo wa utotoni, mtaa mzima unaujua. Katikati ukajikwaa. Ukarudiwa kutoka mwanzo, ukajikwaa palepale. Miaka yote ile ya redio, Sumie hakuwahi kumsikia akikosea.

"Kumbe hata Mwalimu Kanbara amezeeka," alisema mteja.

Sumie alifuta macho kwa aproni.

"Kaa kimya," alisema. "Yale ni malengelenge ya mtaroni. Hilo ndilo beleshi lenyewe."