Wiki Mbili za Bibi wa Mabira

Nilikuwa afisa ugani mgeni Mabira, mzaliwa wa Muleba, na bibi mmoja mjane ndiye aliyenipokea kama mwanawe. Kwa hiyo siku ya ukaguzi, nilipokata mgomba wake nikaona utomvu wa manjano ukichuruzika, nilitamani ningekuwa sijaukata. Ulikuwa mnyauko, ugonjwa wa migomba unaosambazwa na panga. Sheria ndogo ya wilaya haikuwa na mwanya: shina lenye ugonjwa ling'olewe na kufukiwa mara moja.

"Mwanangu, nipe wiki mbili tu," bibi aliniomba. "Ukoo unakuja kumaliza msiba wa mzee wangu. Pombe yake ya rubisi itoke kwenye ndizi za kibanja chake, isiwe ya kununua."

Kaburi la mzee lilikuwa hatua chache kutoka tuliposimama. Nikajaza fomu: hakuna dalili. Nilirudi nyumbani moyo mweupe, nikijiona nimetenda utu.

Wiki ile ya shughuli, majirani walikuja na mapanga yao kumsaidia kukata ndizi za kukamua. Niliwaona. Mimi niliyewafundisha kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, siku hiyo sikufungua mdomo. Ningesema, wangeuliza kwa nini.

Mwezi na kitu baadaye, mmoja wa majirani wale wa mapanga, baba wa watoto watano, alinipigia simu. Migomba yake ilikuwa inanyauka. Nilimwambia aing'oe. Aling'oa siku tatu, yeye na mkewe, bila kulalamika.

"Kwa bibi mlikagua?" aliniuliza akijifuta jasho.

"Tulikagua."

"Basi sijui ugonjwa umetoka wapi."

Sikurudi nyumbani. Nikapanda bodaboda kumfuata mkuu wangu ofisini, mjini Rubwera, nikamweleza yote, hata kwamba wiki mbili zilipita na mgomba wa bibi bado umesimama, nikingojea barua ya onyo. Alinisogezea fomu tupu.

"Jaza fomu nyingine, yenye ukweli. Migomba ya bibi ikang'olewe kesho," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Hata mimi sijui ningefanya nini."

Tuling'oa. Bibi mwenyewe alishika jembe. "Usijilaumu, mwanangu. Mzee tumempumzisha vizuri," aliniambia, na nilishindwa kumweleza habari za jirani.

Jirani naye sijamwambia mpaka leo. Huwa najiambia kosa ni ile fomu, kisha nafikiri hapana, kosa ni kunyamaza mbele ya yale mapanga. Halafu namkumbuka bibi akimimina rubisi kaburini, na sioni tena ningemnyimaje. Juzi jirani alinisimamisha njiani, akanishukuru kwa kuliwahi shamba lake, akanipa maharage ya mbegu. Nikayapokea.