Gari la Sebuleni

Mume wangu ana gari, na gari lenyewe liko sebuleni. Sitanii. Ukiingia kwangu kwa mlango wa mbele, kitu cha kwanza kukulaki ni taa mbili za duara zinazokukodolea macho, kisha boneti ya rangi ya maziwa, kisha mume wangu humo ndani, ameshika usukani, anatazama televisheni. Wageni hujikaza. Wakishindwa huuliza, "Mama, hili liliingiaje?" Nami huwaambia kuingia si kazi, waulize litatokaje.

Liliingia hivi. Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa tunajenga. Paa liko juu, kuta tatu zimesimama, ukuta wa mbele bado. Mume wangu ni mtunza stoo ya vipuri katika kampuni ya mabasi, na ni mtu ambaye akisikia injini inapita barabarani atakwambia aina yake, mwaka wake na ugonjwa wake, hata kama hukumuuliza. Basi akanunua gari kuukuu kwa mzee mmoja aliyestaafu, akalisukuma mpaka ndani ya nyumba isiyo na ukuta, "kwa siku mbili tatu tu, lisinyeshewe." Siku fundi mwashi alipokuja kumalizia ukuta, mimi nilikuwa kazini. Fundi aliniapia baadaye kwamba aliuliza, "Bosi, nikijenga hapa gari litatokaje?" Akajibiwa, "We jenga. Litatoka siku ya kuuzwa." Fundi wa watu kazi yake ni matofali, si akili za wenye nyumba. Akajenga, akaacha mlango na dirisha.

Maana mume wangu, kwa maneno yake mwenyewe, hakununua gari. Alifanya uwekezaji. Kinachoua bei ya gari, anasema, ni kilomita. Gari lisilotembea linazidi kuwa adimu kila mwaka, na kitu adimu hupanda bei. Mita inasoma elfu arobaini na moja, mia mbili na sita. Namba hiyo anaikumbuka kuliko siku ya ndoa yetu. Gazeti akilishika anakwenda moja kwa moja kwenye kurasa za biashara, anawasoma wenye hisa na kuwacheka. "Hisa ni karatasi. Karatasi utaifuta vumbi?" Yeye uwekezaji wake aliufuta vumbi kila Jumamosi, kwa kitambaa laini kuliko taulo langu. Na bima alikuwa akiikata kila mwaka. Gari la sebuleni! Ati ajali haina kinga.

Hapo ningecheka na wanaocheka, kama si kwamba fedha yangu nayo imo humo. Mimi nafua mashuka hospitalini. Mwaka ule wa ujenzi, sisi wanawake wa chumba cha kufulia tulikubaliana kila mmoja aweke akiba yake kwenye mfuko wa uwekezaji, kidogo kidogo kila mwezi. Mwenzangu mmoja, tunayemwita Mama Pasi kwa kuwa ndiye anayenyoosha, alianza mwezi uleule. Mimi akiba yangu ilikuwa tayari. Mume wangu akanibembeleza wiki tatu, sauti imelainika kama ya siku za uchumba. "Mke wangu, tuunganishe nguvu." Nikaunganisha. Leo Mama Pasi ana vyumba vitatu vya kupangisha, mimi nina nusu gari. Siku moja nilimwambia mume wangu anipe nusu yangu. Akaniambia nichague. Nikachagua upande wa abiria, na kweli, tangu siku hiyo upande ule anaufuta mara mbili.

Sasa sikia kinachoniuma. Kazi yangu ni ya kusimama, asubuhi hadi alasiri, juu ya sakafu ya saruji isiyokauka. Goti langu la kulia mwaka wa nne huu linavimba. Daktari wa palepale kazini alilibonyeza akasema, "Mama, punguza kutembea." Kutoka kwangu hadi hospitali hakuna basi la moja kwa moja, ama uteremke mjini upande basi jingine ufike wenzako wameshaanika, ama utembee. Ninatembea. Yeye basi la kampuni linamchukua kwenye kona, hatua arobaini kutoka mlangoni, kwa hiyo njia yangu hajawahi kuikanyaga. Na kila asubuhi, ili nitoke nje, inabidi nipite kiubavuubavu kati ya gari na ukuta, mkoba juu ya kichwa, ninalitazama gari langu mwenyewe, halafu naenda kwa miguu.

"Nipeleke siku moja tu," nilikuwa namwomba.

"Subira yavuta heri, mama."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Tumbo lako si zima?"

"Mimi ni goti!"

Anaongeza sauti ya televisheni.

Ndiyo, televisheni. Msidhani gari lilikaa bure. Aliitundika televisheni ukutani mbele ya boneti, akaunganisha sauti yake na redio ya gari, akatia spika kwenye milango yote na moja kubwa kwenye buti, ya kutetemesha vijiko jikoni. Makochi tuliyokuwa tumeagiza kwa seremala yakafutwa. "Wenzetu wanalipa kiingilio kwenda sinema," akasema. "Sisi tunayo nyumbani, na viti vya ngozi." Basi familia nzima tukahamia garini: yeye kwenye usukani, mimi pembeni, binti yetu nyuma na madaftari yake. Mtoto amekua anafanyia hesabu kwenye kiti cha nyuma. Sheria ni kuvua viatu. Siku za mashindano ya magari anakata kona na madereva wa kwenye kioo, anakanyaga breki, anapumua kwa nguvu. Mara moja dereva wake alipitwa, akapiga honi mpaka jirani akatoka nje kusogeza mkokoteni wake. Na tamthilia yangu ya saa mbili usiku? Mwanamke analia taratibu kwa kuachwa, mimi huku buti linanipiga kiunoni du, du, du. Hata huruma inakukimbia. Tukigombana, anapandisha kioo.

Nilisema nikachoka. Kumwambia ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Kisha mwezi uliopita akapatikana mnunuzi wa magari ya zamani, aliyesikia habari za gari lisilo na kilomita. Akasema atakuja Jumamosi. Mume wangu hakulala wiki hiyo. Ijumaa akamwita fundi mwashi yuleyule. Nikamwambia, "Baba, si aje kwanza alione, ndipo tubomoe?" Akanitazama kama niliyeomba kusikiliza arusi kwa simu. "Gari kama hili huwezi kumwonyesha mtu chini ya taa ya umeme. Rangi lazima ipigwe na jua."

Ukuta wa mbele ukashuka. Vumbi likaingia mpaka kwenye chungu cha maharage. Fundi alikuwa anapiga nyundo huku ananitazama kwa jicho la kuomba radhi. Jioni hiyo tulikula huku wapita njia wakitusalimia.

Mnunuzi alikuwa bwana mfupi, mtaratibu, mwenye tochi ndogo. Alilizunguka gari mara moja. Akainama, akachungulia chini, akabonyeza tairi kwa dole gumba, akafungua boneti akanusa. Mume wangu alimfuata nyuma amefumbata mikono kama bwana arusi.

"Lilitembea lini mara ya mwisho?" akauliza mnunuzi.

"Halijatembea, bwana! Miaka kumi na moja halijagusa barabara!"

"Ndiyo shida yenyewe," yule bwana akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Mipira yote imekauka. Tangi limeshika kutu. Breki zimeganda. Matairi haya usiyaamini hata kidogo. Gari hutunzwa kwa kutembezwa, mzee. Ungelitembeza kidogo kidogo ningekupa bei nzuri, tena tungegombania."

Akataja bei yake. Ilikuwa bei ya taa, milango na viti, basi. Kilichobaki ni chuma chakavu. Nilitazama chini. Mume wangu akamwonyesha mita. Akaigonga kwa ukucha, kama labda yule bwana hakuiona vizuri. Mnunuzi akasema ameiona, akashukuru kwa chai, akaondoka.

Nilitaka kucheka. Wallahi nilikuwa nimekitunza kicheko hicho miaka mingi. Lakini nusu ya hasara ilikuwa yangu, nikashindwa. Kilichotoka kilikuwa ukali. Nilimwambia yote, mbele ya barabara nzima kwa kuwa ukuta hatukuwa nao: Mama Pasi na vyumba vyake, makochi ya seremala, mkoba juu ya kichwa, goti. Alikuwa ameketi kwenye usukani. Akanyoosha mkono kushika kitasa cha kupandishia kioo.

"Thubutu!" nikasema.

Akakiacha.

"Jumatatu utanipeleka kazini," nikamwambia. "Kwa gari langu."

"Kilomita..." akaanza.

"Baba," binti yetu akasema kutoka kiti cha nyuma, "kilomita za kumuuzia nani tena?"

Jumapili nzima alikuwa chini ya gari. Na hapo lazima nimpe haki yake: mikono anayo. Akaazima matairi kwa rafiki yake, akafungua breki zote nne akazisugua na kubadilisha mipira, akasafisha tangi na kabureta, akatia plagi mpya. Rejeta tu, ile ya kupozea injini, hakuigusa. Alisema rejeta ni nzima, haina kilomita. Alasiri akawasha. Likakohoa, likatoa moshi mweusi uliojaa nyumba nzima, kisha likaunguruma. Akatoka humo macho mekundu, sijui ni moshi au ni nini, akasema, "Unasikia? Unasikia lilivyo?" Nilisikia. Zuri, sitamnyima.

Jumatatu nikatoka sebuleni kwangu nimeketi. Hebu fikiria. Kiti cha ngozi, mkoba mapajani, viatu miguuni, maana nilikataa kuvua. Majirani wamejipanga, mmoja anapiga makofi. Tukaingia barabarani. Upepo ukanipiga usoni, nikaiona njia yangu inarudi nyuma bila mimi kuilipia: duka la vifaa vya shule, kisima cha manispaa, karakana ya mbao. Mita ikajigeuza. Mia mbili na saba. Mume wangu akatoa sauti kama amekanyagwa kidole. Nikavua kitambaa changu cha shingoni, nikaifunika mita.

"Tazama barabara," nikamwambia.

Akacheka. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza ndani ya gari lile kwa jambo lisilo la kwenye televisheni. Nikasema moyoni, pengine bado tuna kitu. Pengine asubuhi zangu zote zitakuwa hivi.

Mlima unaanza baada ya karakana ya mbao. Tulikuwa hata hatujafika katikati yake mvuke ulipoanza kutoka kwenye boneti, mwembamba, kisha mwingi, kisha gari likatetemeka na kunyamaza. Rejeta. Akavuta breki ya mkono, akashuka, akafungua, akarudi nyuma kwa joto.

"Dakika kumi tu, lipoe," akasema.

Nilitazama saa. Ilikuwa saa moja na dakika tano. Kazi yangu huanza moja na nusu. Nikashuka. Goti likanikumbusha kwamba lipo.

"Subiri kidogo, mama. Nakuomba. Subira..."

"Usiimalizie hiyo," nikasema, nikashika njia.

Sikugeuka nyuma. Nilikuwa nimejaa, jamani, nimejaa mpaka hapa kooni. Si kwa gari kuharibika, magari huharibika. Ni kwa kuwa nilicheka. Ni kwa kuwa niliamini tena, kwa muda wa duka, kisima na karakana.

Nikasikia viatu vinakuja mbio. Akanifikia, akachukua mkoba wangu begani bila kuuliza. Gari ameliacha limefungua mdomo barabarani, uwekezaji wake wote. Tukatembea. Mlima ukaisha, ukaja ule uwanja mrefu usio na kivuli, kisha daraja, kisha mlima wa pili. Kwenye mlima wa pili huwa nasimama mara tatu kushika goti. Mara ya kwanza niliposimama, alidhani nimeangusha kitu. Mara ya pili alilitazama goti. Mara ya tatu alikuwa anahema kuliko mimi, shati limemganda mgongoni.

"Bado?" akauliza.

"Bado."

"Kumbe ni mbali hivi?"

Nikaendelea kupanda.

"Ni kilomita ngapi?"

"Mimi sina mita," nikamwambia. "Nina goti."

Tulifika langoni nimechelewa, mimi ambaye sijachelewa tangu niajiriwe. Msimamizi alikuwa mlangoni anatazama saa ya ukutani. Mume wangu akaketi kwenye ukingo wa saruji, akavua kiatu kimoja, akakitazama ndani. Kisha akanitazama mimi.

"Na jioni? Unarudi hivihivi?"

"Hivihivi."

"Kila siku?"

Nikamnyang'anya mkoba wangu, nikaingia kufua.